Bangili ya Kitanda cha Tisa

Sikuota. Nalisema mapema kwa sababu nawajua watu, ukianza tu kuhadithia mtu anakukatiza, "Ulikuwa umelala?" Sikulala, sikuwa na homa, wala sikuwa nimefunga hata useme njaa ilinipanda kichwani. Nilikuwa nimesimama kwa miguu yangu miwili, saa saba mchana, jua la Jidda linawaka nje, na mkononi nina sindano imejaa dawa. Jina langu silitaji hapa. Liko siku nililitaja, na mkinivumilia mtafika hapo.

Na tafadhali msinitie kundi moja na wale wanaoona majini kila pembe. Mie muuguzi. Nimeosha maiti, nimefunga vidonda ambavyo wewe ukivinusa tu utatafuta mlango. Wazee wetu walikuwa wakitukataza kuzurura jua likiwa la utosini, ati ndio wakati wa wenyewe kupita, nami nilikuwa nikiwacheka. Watu hudhani mambo haya ni ya usiku tu. Lo! Niulizeni mimi.

Sisi watu wa Unguja. Wazee wangu walihamia Jidda baada ya mapinduzi, mie nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, tukakaa mtaa wa Hindawiya, nyumba zilizobanana kiasi kwamba ukipiga chafya jirani anakuombea rehema kwa dirishani. Ndani Kiswahili, mlangoni Kiarabu. Nikasoma, nikawa muuguzi, na nilipoanza kazi ndio miaka ile mafuta yamepanda bei na nchi nzima imegeuka uwanja wa ujenzi. Hospitali yetu, nayo siitaji, ilifunguliwa rangi ya milango haijakauka, na wagonjwa wakajaa siku ile ile. Wauguzi wametoka Manila, wengine Kairo, wengine Kerala. Daktari anaandika Kiingereza, mgonjwa anasema Kiarabu cha jangwani, na mfagizi hasemi chochote kwa sababu hakuna anayejua lugha yake.

Katika mchanganyiko ule mie nilijiona bora, sitawaficha. Niliwekwa wadi ya wanawake, ya maradhi ya ndani: sukari, moyo, mapafu, matumbo. Wenzangu wageni walikuwa wakisimama katikati ya wadi na kupaza sauti, "Nura binti fulani!", na mume wa mtu yuko pale mlangoni anabadilika uso. Kule jina la mwanamke wa nyumbani halirushwi hewani mbele ya watu. Anaitwa kwa mwanawe, Umm Khalid, Umm Salim. Na sisi si ndivyo? Mama yangu mtaa mzima ni Mama fulani, hata mie sikumbuki lini nilimsikia mtu akimwita jina lake. Basi mie nikiwaita wagonjwa kwa adabu, wakinipenda, na Sista Nawal, Mmisri aliyekuwa mkuu wa wadi, akiwaambia wenzangu, "Jifunzeni kwa huyu." Kichwa kikavimba, wallahi.

Sasa, kila mgonjwa alivikwa bangili ya plastiki mkononi, na ndani yake kijikaratasi kilichoandikwa jina lake lote kwa kalamu. Kanuni ni kuisoma kabla hujampa mtu dawa. Mie sikuisoma. Niliona ni utovu wa adabu kumshika mama wa watu mkono na kumkagua kama mzigo wa forodhani. Nilimwita, akaitika, nikampa dawa yake. Miaka miwili nilifanya hivyo na hakufa mtu, nikaamini kwamba nafanya sawa.

Siku yenyewe nilikuwa narudi kazini baada ya mapumziko ya siku mbili. Mwenzangu wa asubuhi alinikabidhi zamu mkoba umeshamkaa begani. Basi la wauguzi linamngoja nje, linapiga honi. Akanisomea orodha mbio mbio, na kumbe orodha yenyewe ya jana. "Umm Salim, kitanda cha nne, kisukari, insulini kabla ya chakula cha mchana." Nikasema sawa, namjua. Kabla ya mapumziko nilimwacha hapo hapo kitanda cha nne.

Hakuniambia, nami sikuuliza, kwamba jana yake kiyoyozi cha juu ya kitanda kile kilidondosha maji usiku kucha, wakamhamishia Umm Salim kitanda cha kumi na moja, dirishani. Alfajiri kiyoyozi kikaacha kudondosha, na kitanda cha nne wakamlaza mgonjwa mpya. Mwanamke wa makamo, ametapika na kuharisha siku mbili, hana hata tonge tumboni, yuko kwenye dripu. Na mwanawe wa kwanza, kama mlivyokwisha kukisia, anaitwa Salim.

Kwa asiyejua nitaeleza. Insulini inashusha sukari mwilini. Mwenye kisukari ndiyo nusura yake. Mpe mtu asiye nacho, tena mwenye tumbo tupu, sukari yake itashuka mpaka atetemeke, atokwe na jasho, azimie, na asipowahiwa ndiyo safari. Na mchana ule nani angemwahi? Mtu kalala, kajifunika, kila apitaye angesema mgonjwa kapata usingizi, mwacheni apumzike.

Kanuni nyingine ilitaka insulini ihakikiwe na wauguzi wawili. Mwenzangu wa pili kenda kula. Sista Nawal yuko chumbani kwake anaswali adhuhuri. Na gari la chakula nalisikia linakokotwa huko kwenye ujia. Nikavuta dawa peke yangu, nikatia sahihi yangu, na mahali pa sahihi ya pili nikapaacha, mwenzangu ataijaza akirudi. Ndivyo tulivyokuwa tukifanya, Mungu atusamehe.

Nikafika kitandani. Amelala ubavu, shuka mpaka kifuani, tarha nyeusi imefunika uso mzima, kwa sababu fundi wa kiyoyozi alikuwa akiingia na kutoka na ngazi yake.

"Umm Salim?" nikaita kwa upole wangu ule.

"Na'am," akaitika chini ya tarha.

Basi. Ungetaka nini tena? Nikapandisha mkono wa gauni lake, nikapangusa ngozi kwa spiriti, nikavua kifuniko cha sindano.

"Mwanangu we! Njoo huku mara moja."

Mkono ukanisimama. Kiswahili! Mle wadini, miaka miwili, sikuwahi kusikia Kiswahili ila nikijisemea mwenyewe. Tena Kiswahili cha Pemba, ile sauti yao ya kuvuta, sauti za wanawake waliokuwa wakija kwa mama yangu kunywa chai. Nikageuka.

Kitanda cha tisa kilikuwa mwisho kabisa, ukutani, karibu na choo. Kilikuwa kitupu. Nasema kilikuwa kitupu kwa sababu nilipoingia zamu nilipita pale na kuona godoro limekunjwa, halina hata shuka. Sasa godoro limetandikwa, na juu yake amekaa bibi mkongwe, mdogo wa umbo, kanga mbili zimefubaa, miguu inaning'inia haigusi chini. Sikio la kulia limejaa majasi ya fedha. La kushoto lina matundu matupu.

Mnadhani niliogopa? Nilikasirika. Nani kalaza mgonjwa wadini kwangu bila kuniambia, tena kamwacha na kanga zake, hakumpa gauni la hospitali? Nikaifunika sindano, nikamwambia Umm Salim "lahdha", angoje kidogo, nikaenda na sinia yangu mkononi. Na ndani ya hasira ile mlikuwa na furaha, sikatai. Mtu wa kwetu!

"Shikamoo bibi. Umeletwa lini?"

"Marahaba mwanangu. Mie nipo siku nyingi." Akanyoosha mkono. "Hebu n'somee hiki. Mie sikusoma. Wamen'vika bangili hii, wanasema ndiye mimi. Nataka nijue wameniandika nani."

"Bibi, nina sindano ya mtu. Nikishampiga narudi kwako, nakusomea mpaka uchoke."

"N'somee kwanza."

Akanishika kifundo cha mkono. Mkono wake ulikuwa mkavu na mwepesi, haukunibana hata kidogo, lakini nilishindwa kuuchomoa wangu. Na hapo ndipo nilipotambua kwamba sisikii kiyoyozi. Kile kiyoyozi kilichokuwa kikinguruma mchana na usiku, kimya. Gari la chakula, kimya. Hata kikohozi cha kitanda cha pili, kimya. Nikasema moyoni, umeme umekatika. Lakini taa zilikuwa zinawaka.

Nikainama, nikasoma. Plastiki ilikuwa imegeuka manjano. Maandishi ya Kiarabu, mazuri, ya mtu aliyefundishwa kuandika kwa fimbo.

"Wamekuandika Hajja, bibi."

"Hajja nani?"

"Hajja tu. Na chini yake wameandika Afrika."

Akatikisa kichwa polepole. Hakukasirika. Nakumbuka hivyo, kwa sababu ingekuwa mimi ningekasirika.

"Mahajja tulikuwa ndege nzima," akasema. "Hilo si jina langu. Mie Mize binti Faki, wa Micheweni. Walikuwa wakiniita Hajja, nami nikiitika, maana hajja kweli ni mimi. Lakini mwanangu alipokuja kunitafuta, alimtafuta Mize." Kisha akanitazama machoni, na kwa kidevu akaonesha kitanda cha nne. "Na yule uliyemwacha pale. Lake umelisoma?"

Nikageuza uso kumtazama Umm Salim. Kidogo tu, muda wa kupepesa macho. Nikahisi kifundo cha mkono wangu kimeachiwa. Kiyoyozi kikaanza kunguruma. Nilipourudisha uso, godoro limekunjwa, limefungwa kamba, na juu yake kuna vumbi.

Mfagizi alikuwa ametoka kupiga deki upande ule. Sakafu mbichi. Nyayo zilizokuwa pale zilikuwa za viatu vyangu tu, za kwendea.

Unafikiri nilipiga kelele? Nilitaka. Lakini sindano ya mtu ilikuwa bado kwenye sinia. Astaghfirullahi, astaghfirullahi. Nikarudi kitanda cha nne huku nimejishika kwenye vyuma vya vitanda, kimoja baada ya kingine.

"Samahani, ya khala," nikasema, kama kumwambia mama mdogo. "Nipe mkono wako nisome."

Akanipa. Wala hakuona ni utovu wa adabu! Nikaigeuza bangili kwenye mwanga. Imeandikwa Hissa. Nikatazama kadi ya dawa kwenye sinia yangu. Imeandikwa Nura.

"Ya khala, una ugonjwa wa sukari?"

Akaifunua tarha. Uso siujui. Uso mwembamba, midomo imekauka, macho yameingia ndani kwa kutapika.

"La, binti yangu. Tumbo tu. Tangu juzi sijaweka kitu mdomoni." Akaitazama sindano. "Hiyo ndiyo ya tumbo?"

Nikakaa chini. Sio kitini, chini, sakafuni, na sare yangu nyeupe. Nikaiweka sinia pembeni, nikaushika mkono wa mwanamke yule kwa mikono yangu yote miwili nikaanza kulia. Alhamdulillahi, alhamdulillahi, sikujua neno jingine. Yeye maskini akidhani nimepokea habari ya msiba, akawa ananipapasa kichwa na mkono wenye dripu. Mgonjwa ndiye ananituliza mimi! Yu hai, ananisemesha, ananiuliza kama nimekula. Sijawahi kufurahi namna ile, hata siku niliyoolewa, na mume wangu asinisikie.

Na kutoka dirishani, kitanda cha kumi na moja, ikaja sauti ya ukali.

"Ya binti! Chakula kimefika na sindano yangu sijaiona! Leo mmenisahau?"

Umm Salim wangu. Nikacheka na machozi yangu. Nikainuka, nikaenda, nikamsoma bangili. Nura. Nikamwuliza jina lake. Akaniuliza kama nimepata wazimu, mbona siku zote namjua. Nikamwambia, sema tu, unifurahishe. Akataja jina lake, la babake, la babu yake, kwa kunong'ona, na hapo ndipo nilipompa dawa.

Sista Nawal alitoka kuswali akanikuta nimeegemea kabati la dawa. Alikuwa mkali, mwanamke wa kutembea na saa shingoni. Nikaona nimfiche? Nikaona nisimfiche. Nikamweleza insulini, nikamweleza sahihi moja, nikamweleza bangili. Alipauka. Akasema, "Unajua angekufa yule tungekuwa wapi saa hizi? Wewe wangekunyang'anya ikama yako ya kukaa nchini, mimi kazi yangu. Na watoto wake?" Nikasema najua. Akauliza, "Nini kilikusimamisha?"

Nitamwambiaje? Nikatia mkono mfukoni kutafuta kitambaa cha kujifutia, na vidole vikagusa plastiki.

Nikaitoa. Bangili ya manjano, imekatwa kwa mkasi. Hajja. Afrika.

Niamini au usiamini, sikuitia mimi mfukoni. Sista Nawal aliichukua, akaisogeza karibu na macho, kisha akatafuta kiti kwa mkono wake wa nyuma bila kugeuka. Akakaa.

"Mwandiko huu wangu," akasema.

Ilikuwa miaka mitatu nyuma, mwezi wa kwanza wa kufunguliwa wadi ile, msimu wa hija. Kaletwa bibi kutoka uwanja wa ndege, moyo umechoka, miguu imevimba. Pasipoti anayo wakala wa mahujaji, na wakala haonekani. Kiarabu cha bibi ni cha sala tu. "Nilimwita Hajja, akaniitika," Sista Nawal akasema. "Siku nne nilimwita Hajja, na siku nne aliniitika. Alikuwa akinionesha mkono wake huu, anasema maneno, nikidhani bangili inambana. Nikailegeza." Alifariki siku ya nne, kitanda cha tisa. Wakamkata bangili, wakamwandika kitabuni kama alivyoandikwa mkononi, na manispaa ikamzika. "Sikuwahi kumwambia mtu," akasema. "Lakini kitanda kile simlazi mgonjwa mpaka vingine vyote vijae."

Nikamwambia jina. Mize binti Faki, wa Micheweni. Akaliandika kwa mwandiko ule ule nyuma ya kadi, akanirudishia pamoja na bangili. "Itunze wewe," akasema. "Kakupa wewe."

Jioni ile ile alibandika karatasi mlangoni mwa chumba cha dawa, kwa Kiarabu na Kiingereza: hakuna kumwita mgonjwa kwa jina la mwanawe wakati wa kumpa dawa, mwulize ataje jina lake mwenyewe, kisha soma bangili, na sahihi ya pili haingojwi, mwenye nayo huletwa, hata kama ana tonge mkononi. Wenzangu walinuna. Mimi kwa mara ya kwanza sikujiona bora.

Sasa ningeweza kuishia hapo, na kisa kingekuwa kimetimia. Lakini bado Bi Mize.

Mwaka uliofuata niliolewa, mume wangu akapata kazi Riyadh, tukahamia fleti, mtaa wa Malaz. Waswahili wa kule walikuwa wachache na tukitafutana. Ijumaa moja jirani kafanya akika ya mwanawe, wanawake tumejaa chumbani, biriani imeliwa, watu wamenyoosha miguu, na mazungumzo yakaingia kwenye majini. Kila mtu na lake. Zamu yangu ilipofika nikatoa hili, kama ninavyowapa nyinyi. Nikafika kwenye majasi.

Kulikuwa na mwanamke mmoja kakaa karibu na mlango, mgeni kwangu, namjua kwa jina la Raya tu, mumewe karani wa kampuni ya ujenzi. Yeye ndiye aliyenikatiza. Akasema, "Sikio gani?"

"Sikio gani nini?"

"Lililokuwa tupu, dada. Sikio gani?"

"La kushoto."

Akainuka akatoka. Tukatazamana, tukadhani nimemtisha. Hakukaa sana, wanakaa ghorofa ya chini ya hapo, akarudi na kitambaa kimefungwa fundo. Akapiga magoti mbele yangu akakifungua. Majasi ya fedha, ya sikio moja.

"Mama alinivulia haya siku naolewa," akasema. "Akaniambia, nusu kaa nayo wewe, nusu nakaa nayo mimi, tutayakutanisha Makka." Kisha akaniuliza, "Alikwambia anaitwa nani?"

Nikamwambia.

Sijui nieleze vipi kilio kile. Mama yake alikuja hija, naye Raya na mumewe wametoka Riyadh kwenda kumpokea Jidda. Ndege imeshuka, wenzake wakasema kaumwa njiani, kachukuliwa na gari la wagonjwa. Hospitali gani? Hakuna anayejua. Walizunguka Jidda nzima siku tisa, mpaka ruhusa ya kafili, yule tajiri wa mumewe, ikaisha. Na kote karani anapitisha kidole kitabuni anasema, mafi, Mize hapa hatuna. Walifika hata hospitali yetu! Jina lile halikuwamo. Miaka minne mtoto wa watu hajui amsomee mamake hitma au amtandikie kitanda. Akisikia mlango unagongwa, anatazama nani. Aliniambia hilo ndilo lililokuwa likimuua, sio kifo, maana kifo alikwisha kukidhania.

Nikaenda kwangu, nikaleta bangili na kadi. Akaziweka kifuani.

Mumewe alikwenda Jidda wiki ile ile, bosi atake asitake. Sista Nawal akamfungulia kitabu cha zamani, akamwonesha mstari. Makaburini nako wana kitabu chao: Hajja, mwanamke, Afrika, na nambari ya safu. Kaburi halina maandishi, ndio desturi yao, lakini alisimama pale akamwombea kwa jina lake, la babake, na la kwao. Siku ile ile Malaz tukasoma hitma, fleti imejaa mpaka ngazini. Raya alilia mpaka tukamaliza, kisha akajifuta macho, akaomba chakula, akala sahani mbili za wali akalala pale pale mkekani, mchana wote, na mlango ukigongwa hakuinua hata kichwa. Nilimtazama nikasema, alhamdulillahi, huyu naye kapona.

Na mimi je? Mimi niliharibika moja kwa moja. Miaka thelathini iliyofuata sikumpa mtu dawa mpaka ajitaje. Wenzangu waliniita Sista Bangili. Mama yangu mzazi alipolazwa hospitalini kwetu na kichomi, nikasimama mbele yake na kikombe cha vidonge nikamwambia, "Taja jina lako." Akaniangalia kutoka juu mpaka chini. "Ebo! Nimekuzaa, nimekubeba, leo hunijui?" Nikamwambia nakujua mama, lakini taja. Alilitaja kwa hasira, na hakunisemesha mpaka siku ya pili. Lakini alipotoka nilimsikia anamwambia shoga yake kwa majivuno, "Pale huli dawa ya mwenzio, mwanangu kakaa mlangoni."

Kitanda cha tisa, mpaka nilipohama Jidda, sikumwona tena mtu. Nilikuwa nikipita, nikitoa salamu, na hakuna aliyenijibu. Nadhani alikwisha kwenda.

Mwaka jana nikalazwa mimi. Moyo, umri umefika. Muuguzi kijana, mzuri, ana adabu zake, akaja na sindano akanitabasamia. "Bibi, habari ya asubuhi?" Na mdomo wangu, huu huu, ukafunguka kuitika. Bibi kweli ni mimi, nina wajukuu saba. Nikaufunga. Nikauvuta mkono wangu nikauficha chini ya shuka.

"Mabibi tumejaa humu," nikamwambia. "Niulize jina."

Akacheka, akadhani namtania. Sikucheka. Akaniuliza, nikamtajia langu, la baba, na la babu, kwa sauti, wadi nzima isikie. Akasoma bangili, akatikisa kichwa kwamba sawa, ndipo nikampa mkono.

Nawe unayenisikiliza, siku ukilala pale, na utalala, usiitike kwa Mama fulani, wala Hajja, wala Bibi. Na kama wewe ndiye mwenye sindano, soma. Usimwonee mtu haya. Mimi nilipata wa kuniita kutoka kitanda cha tisa, na siwezi kukuahidi kwamba nawe atakuita mtu.